Kikombe cha Msumarini

Aliyetusoma wiki iliyopita anajua tulipomwacha Twaiba: jikoni kwa Bi Rai, Msambweni, akimtazama fundi wa friji akinywa maji katika kikombe ambacho hakuna mtu aliyepata kukigusa isipokuwa yeye. Aliyetukosa asijali, tutamshika mkono aje tulipo.

Twaiba ni mjane wa Shimoni. Marehemu mumewe, Alamin, alikuwa mkwezi wa nazi, na siku mnazi ulipomtupa, ndugu zake walichukua nyumba, wakachukua shamba, wakamwachia mjane kanga zake na machozi yake. Tulipoyaeleza hayo, msomaji mmoja wa Lunga Lunga alitulalamikia kwamba tumemliza mbele ya wateja wake. Tunamwomba radhi. Leo hatalia, na akilia itakuwa kwa kucheka.

Kazi ya nyumba Twaiba aliipata kwa Bi Rai, ambaye ni mjane vilevile. Lakini ujane wa nyumba ya vigae si ujane wa chumba cha uani. Bi Rai si mtu mbaya. Hapigi, hatukani, na mshahara hutoa bila kuombwa. Ana ugonjwa mmoja tu, nao ni kujua asili za watu. Twaiba ni uzao wa watu walioletwa Shimoni wamefungwa, na ingawa minyororo yenyewe imeliwa na kutu zamani, Bi Rai bado anaisikia ikilia.

Ndiyo maana siku ya kwanza alimkabidhi kikombe cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu, akapigilia msumari kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akasema, "Hiki chako." Hakueleza zaidi, na Twaiba hakuuliza. Glasi za nyumba, zile zenye mstari wa dhahabu mdomoni, Twaiba huziosha, huzifuta, huzipanga kabatini. Kuzinywea hajazinywea.

Basi friji ikafa, akaitwa Jaafar. Duka lake la ufundi liko Ukunda, lakini kwao ni hapa hapa Msambweni, mtoto wa ukoo unaotajwa. Kiu ikamshika, akanyoosha mkono, akatwaa kikombe msumarini, akachota maji mtungini, akanywa.

"Hicho ni changu," Twaiba alisema kwa hofu.

"Ndiyo maana maji yake matamu, Bi Twaiba," akajibu, akakitundika pale alipokitoa.

Bi Twaiba. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumtilia jina lake hiyo Bi. Alisimama na mwiko mkononi hadi mchuzi ukakauka, na wali wa siku ile ukaliwa na kachumbari. Hapo ndipo tulipokomea.

Tangu siku hiyo Jaafar akawa haishi kuja kuitazama gesi ya friji, na friji yenyewe nzima, inagandisha mpaka maziwa. Mara ya pili alikuja na bomba jipya. Mara ya tatu hakuja na kitu, alikuja na swali.

"Bi Twaiba, nikija na wazee, utasema nini?"

"Hujui mimi ni nani."

"Nakujua. Wewe ndiye unayenishikia tochi."

"Mwulize mama yako mimi ni nani. Halafu urudi, kama utarudi."

Jaafar akacheka, lakini kicheko kilikuwa na pengo. Mama yake ni Bi Mejumaa, na Bi Mejumaa kutoka Gazi hadi Vanga hakuna mtu ambaye yeye hamjui babu yake. Huwezi kumtajia bwana harusi asikutajie bibi yake alitoka wapi, na kwa jahazi gani.

"Mama tutamwambia taratibu," Jaafar alisema.

Twaiba alimtaka mtu yule, tusizunguke mbuyu. Alimtaka kwa kucheka kwake na kwa mikono yake yenye mafuta, na kwa kile kikombe alichokishika bila kukifuta kwanza. Lakini alijua siku Bi Mejumaa atakaposikia, ndoa itavunjika hata kabla ya kufungwa. Kunyamaza nako aliogopa. Mtu akiolewa na siri, hulala na siri hiyo kitanda kimoja.

Bi Rai naye aliziona zile safari za fundi, akazipigia hesabu yake. Ana binti mmoja, Hafsa, anayekaa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, msichana mzuri, mcheshi, na kwa hesabu za mama yake amechelewa kuolewa. Kijana wa ukoo haji nyumbani kwa watu kila wiki kwa ajili ya gesi.

"Mama, mimi yule simtaki," Hafsa alimwambia. "Anazungumza habari za kompresa tu."

"Baba yako alikuwa akizungumza habari za mbuzi tu, na tuliishi vizuri."

Ili asiwe na shaka, Bi Rai akaenda kwa Mwalimu Abdurahman amtengenezee bintiye kombe. Wenyewe mnalijua: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, na mwenye haja akanywa kwa nia. Walimu wa kuandika kombe wako wengi, lakini Bi Rai alimchagua huyu kwa makusudi, maana Mwalimu Abdurahman ni mjomba wake Jaafar. Dua ni dua, na ujamaa nao husaidia.

"Anywe asubuhi," Mwalimu alimuusia, "na asinywe mwingine."

Sasa sikilizeni lililotokea. Asubuhi hiyo Twaiba ametumwa sokoni kutafuta samaki. Bi Rai yuko jikoni peke yake, ameiosha sahani, maji ya manjano yametulia katika glasi yananukia marashi, na Hafsa bado anaoga. Mara hodi mlangoni. Ni wifi yake na mashoga zake, watu ambao ukiwapa siri asubuhi, adhuhuri utauziwa dukani.

Wangeliona kombe lile, Msambweni nzima ingesema binti wa Bi Rai anatafutiwa mume kwa zafarani. Na wifi yake akiingia nyumba ya watu, huanzia jikoni. Atafungua kabati, atafungua friji, kila glasi na kila kikombe vitapita mkononi mwake.

Bi Rai akatazama huku, akatazama huku, akakiona kikombe cha bati msumarini. Akakitungua, akatia kombe ndani, akakifunika kwa kisosi, akakiweka pembeni mwa mtungi. Hapo hakuna mtu atakayekigusa. Ndivyo alivyofikiri, na alifikiri sawasawa, ila alimsahau mtu mmoja, naye ni mwenye kikombe.

Wakati wageni wanaketi sebuleni, Twaiba aliingia kwa mlango wa uani na kapu la samaki, jua limempiga, koo limekauka. Akakuta kikombe chake kimejaa, kimefunikwa vizuri kwa kisosi cha nyumba. Akakifunua, harufu ya marashi ikampanda puani.

"Bi Rai amenikumbuka," alisema peke yake.

Miaka yote katika nyumba ile alikuwa hajawahi kutiliwa kitu cha kunywa na mtu mwingine. Macho yakamchonyota. Akasema bismillahi, akanywa sharubati ile yote mpaka chini, akaona zafarani imezidi kidogo, lakini zawadi haikosolewi. Akaosha kikombe, akakirudisha msumarini, akaanza kuparua samaki huku akiimba kimoyomoyo.

Sebuleni Bi Rai alikuwa amemkonyeza Hafsa na kumnong'oneza, "Nenda jikoni, kiko kwenye kikombe cha Twaiba. Kunywa kwa nia." Hafsa akaenda, akakuta kikombe kinaning'inia, kitupu. Akamtazama Twaiba, Twaiba akatabasamu. Msichana akajiona ameokoka, akajifuta midomo kwa kiganja, akarudi.

"Nimemaliza, mama."

Bi Rai akashukuru Mungu. Na siku zilizofuata kila mtu nyumbani mle alikuwa na furaha yake. Bi Rai alifurahi kwamba kombe limenywewa, Hafsa alifurahi kwamba hakulinywa, na Twaiba alifurahi kwamba alikumbukwa. Kwa furaha hiyo alifuta vumbi mpaka juu ya makabati, akapiga pasi mapazia ambayo hakuna aliyemwagiza.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, hodi.

Mwalimu Abdurahman amevaa kanzu iliyonyooka, nyuma yake mzee mwenzake ameshika sahani ya halua iliyofungwa kitambaa, na nyuma ya mzee yuko Jaafar na mkoba wake wa vyuma. Mila haimtaki mposaji awe ndani ya nyumba posa inapopelekwa, na Jaafar anaijua mila. Ndiyo maana alitoa salamu kwa adabu, akasema amepita tu kuitazama gesi, akapotelea jikoni.

Bi Rai alijua mara moja. Halua hailetwi bure. Akawasha udi mpaka jirani akapiga chafya.

"Mpelekee fundi juisi," alimnong'oneza Hafsa. "Tembea polepole."

Hafsa alikwenda polepole na kurudi mbio. "Mama, ameuliza da Twaiba yuko wapi. Anataka kushikiwa tochi."

"Twaiba anatia kahawa. Tochi aishike mwenyewe," Bi Rai alisema, akajitengeneza mtandio. "Fundi ni fundi."

Twaiba alitia kahawa, akapitisha tende na glasi za maji, kisha akasimama na sinia mlangoni, pale anaposimama siku zote. Yeye alijua halua ile imemfuata nani, na kati ya watu wa nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua.

"Bi Rai," Mwalimu alianza, "sisi tumekuja kubisha hodi tu. Kijana wetu Jaafar anataka kuoa, na moyo wake umesimama katika nyumba hii."

"Nyumba hii ni yenu, Mwalimu. Tangu zamani."

"Alhamdulillahi. Basi tunamwomba Twaiba."

Bi Rai alikuwa ameshatabasamu kabla jina halijafika. Tabasamu likabaki usoni palepale, limekosa mwenyewe.

"Mwalimu, umri umekusahaulisha," alisema. "Binti wa nyumba hii anaitwa Hafsa."

"Hafsa namjua, nilimsomesha juzuu. Namsema Twaiba. Huyu aliyesimama na sinia."

Twaiba akaliweka sinia chini lisije likamwaibisha.

"Haiwezekani," Bi Rai akasema. "Kombe uliniandikia kwa mkono wako. Hafsa amelinywa lote."

Hafsa aliona mambo yanakwenda mrama, akaona pia kwamba hakuna mlango wa kutokea. "Mama, nisamehe. Mimi sikunywa. Nilikuta kikombe kitupu msumarini, nikakwambia nimemaliza ili yaishe."

"Kitupu? Kilinywewa na nani?"

Hafsa akageuka kutazama mlangoni, na vichwa vyote vikamfuata. Twaiba alichelewa kidogo kuelewa.

"Ile sharubati," alisema. "Bibi, mimi nilidhani umenitilia mimi."

Bi Rai alimtazama, akamtazama Mwalimu, akamtazama tena Twaiba. "Umemnywa mume wa mwanangu," alisema.

Yule mzee mwenzake Mwalimu alipaliwa na kahawa. Hafsa akaziba uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na haikuwa kwa kulia.

"Kombe halimpi mtu mume, Bi Rai," Mwalimu alisema. "Mpaji ni Mungu."

"Sadaka yangu mbona uliipokea?"

"Sadaka ni sadaka." Mwalimu akakohoa. "Lakini hebu nieleweshe. Kombe la Hafsa lilifikaje kikombeni kwa Twaiba?"

"Nililificha humo. Wifi yangu alikuja, nami nikalitia mahali ambapo hakuna mtu atakayegusa."

"Kwa nini hakuna atakayegusa?"

Kila aliyekuwemo alilijua jibu, na hakuna aliyetaka litoke kinywani mwake.

"Ni kikombe chake," Bi Rai alisema.

"Na nyinyi mnanywea nini?"

"Vya kabatini."

Mwalimu aliitazama glasi ya maji aliyoishika, yenye mstari wa dhahabu mdomoni, akaiweka juu ya meza na kuisogeza mbali naye. Hilo lilimchoma Bi Rai kuliko kama angesemwa.

"Usinifanye mimi ndiye mbaya ndani ya nyumba yangu," alisema. "Mimi naulinda ukoo wenu. Mnajua mnamposa nani? Na kufu je, mmeangalia kama wanalingana? Bi Mejumaa ana habari kwamba mko hapa?"

Jina hilo lilipotajwa, yule mzee alinyoosha mkono akachukua kipande cha halua aliyoileta mwenyewe. Mwalimu naye akatazama dari. Bi Mejumaa ni dada yake, mkubwa wake, na tangu utotoni Mwalimu hajawahi kumshinda katika neno lolote.

"Dada tutamwambia taratibu," alisema.

"Mtamwambia nini? Semeni, nisikie mtakavyomwambia."

Mwalimu akamgeukia Twaiba.

"Mwanangu, kaka yako Waziri nimempigia simu huko Mackinnon Road kwenye malori yake. Yeye ndiye walii wako, na amesema hana neno, tukuulize wewe mwenyewe. Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Wewe ni mjane, na mjane husema kwa ulimi wake. Basi nakuuliza mbele ya hawa: Jaafar unamridhia?"

Katika nyumba ile Twaiba alikuwa na maneno machache. Naam. Ndiyo, bibi. Chumvi imekwisha. Hakuna aliyewahi kumwuliza anataka nini, hata ndugu za mumewe walipokuwa wakibeba milango ya nyumba yake. Sasa anaulizwa sebuleni, mbele ya wazee, na kimya alichokizoea hakikubaliwi.

Angesema ndiyo, ingesomwa fatiha, na Bi Mejumaa angekuja kukuta mambo yamekwisha. Neno moja tu. Lakini Bi Rai alikuwa ameketi pale na siri yake mdomoni, na Twaiba aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: asili yake ikitajwa na Bi Rai ni tusi, akiitaja mwenyewe ni habari tu kama habari nyingine.

"Mwalimu, kabla sijajibu nina neno," alisema. "Bi Rai anaona haya kulisema mbele ya wageni, basi nitamsaidia. Babu wa babu yangu hakuja Shimoni kwa hiari yake. Aliletwa amefungwa, akauzwa, akanunuliwa. Jina la ukoo sina, na mzee wa kumtaja mbele yenu sina. Hiyo ndiyo sababu ya kile kikombe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Wazee wangu hawakuiba kitu. Wao ndio walioibwa. Sasa kama mnaniposa, niposeni mkijua. Na kama mtaondoka, halua yenu mwende nayo, sitawalaumu."

Mara jikoni kitu cha chuma kikalia sakafuni, mlango wa uani ukapigwa. Hafsa akaruka kwenda kutazama. Pikipiki ikawaka, ikatoka, ikashika njia, na mlio wake ukapotea mbali.

"Mmesikia," Bi Rai alisema. "La kuvunda halina ubani."

Alilisema, lakini tumtendee haki, hakulisema kwa furaha. Huenda hata yeye alikuwa ametarajia kijana yule ana kifua kipana zaidi.

Twaiba alihisi masikio yamejaa maji. Aliyajua haya tangu mwanzo. Alimwambia Jaafar kabisa, kama utarudi. Na bado, mjinga yeye, alikuwa ameshamwona akikaa naye barazani anamsimulia habari za kompresa.

"Sisi tumekuja kumwuliza Twaiba," Mwalimu alisema taratibu. "Hatukuja kuiuliza pikipiki. Mwanangu, sijasikia jawabu lako."

"Nipe ruhusa nikanywe maji kwanza, Mwalimu."

Jikoni friji ilikuwa wazi, taa yake inawaka, bisibisi liko chini. Twaiba alinyoosha mkono kwenye mwimo wa mlango bila kutazama, kama anavyofanya kila siku, maana mkono wake unaijua njia. Ukagusa msumari. Msumari mtupu.

Akatazama kwenye sinki, akatazama pembeni mwa mtungi, akainama akatazama chini ya meza.

"Usikitafute," Hafsa alisema. Alikuwa ameegemea mlango wa uani, macho yanameremeta. "Amekwenda nacho. Nimemkuta uani amekishika. Nikamwambia, kikombe cha watu unakipeleka wapi? Akasema, hiki hakirudi tena msumarini. Nikamwuliza tena, akawa ameshapanda pikipiki."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na mkoba wa vyuma ameusahau. Da Twaiba, fundi haachi vyuma vyake, labda awe amerukwa na akili, na akirukwa na akili kwa ajili yako, mimi nakupa hongera."

Twaiba akacheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, kisha akacheka tena. Hakujua kikombe kimepelekwa wapi wala kufanya nini. Alichojua ni kwamba koo limekauka, watu wanamngoja, na kikombe hana.

Akafungua kabati, akatoa glasi.

"Twaiba."

Bi Rai alikuwa amesimama mlangoni.

"Naam, bibi."

"Hiyo ni…"

"Ni glasi, bibi. Kikombe changu hakipo."

Akachota maji mtungini, akajaza, akanywa palepale, bila haraka, Bi Rai anamtazama. Miaka yote aliyoziosha glasi zile alidhani labda maji yake yana ladha nyingine. Yalikuwa maji yaleyale. Akashangaa kwamba kitu kidogo hivi ndicho kilichokuwa kinalindwa.

Bi Rai alisogea kando, akampisha.

Twaiba alirudi sebuleni na glasi yake mkononi. Hakusimama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, kile anachokifuta kila asubuhi, akakaa, akagundua kwamba springi yake moja imekatika na inachoma. Hafsa akaja akakaa mkekani karibu naye. Bi Rai aliporudi, hakukaa. Alibaki ameegemea mlango, pale pa sinia.

"Haya, Mwalimu," Twaiba alisema. "Niulize tena."

Mwalimu alitabasamu, akajiweka sawa, akajikohoza kikohozi cha kazi. "Twaiba, mbele ya mashahidi hawa, Jaafar unamri…"

Pikipiki ikaingia uani kwa kishindo. Ikafuata sauti ya mwanamke, nzito, yenye kuzoea kusikilizwa. "Polepole. Unataka nife kabla sijafika?"

Mwalimu Abdurahman alilitambua koo la dada yake, na rangi ikamtoka. Yule mzee mwenzake akaanza kuitafutia halua kifuniko.

Bi Mejumaa aliingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, buibui limejaa vumbi la njia, anahema. Nyuma yake Jaafar, kofia imekaa upande, mila ameisahau nje. Bi Mejumaa hakumsalimu nduguye, hakumsalimu Bi Rai. Alikwenda akasimama katikati ya sebule, akainua mkono, na katika mkono huo mlikuwa na kikombe cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu.

"Nani mwenye kikombe hiki?" aliuliza.

Jaafar alifungua kinywa. Mama yake akamnyooshea kidole bila kumtazama, naye akakifunga. Bi Rai akatazama sakafu.

Twaiba alisimama.

"Shikamoo, mama," alisema. "Ni changu."

Bi Mejumaa akakitazama kikombe. Akaitazama glasi iliyo mkononi mwa Twaiba, yenye mstari wa dhahabu mdomoni. Kisha akageuza kichwa polepole, akamtazama Bi Rai pale alipoegemea mlango, akamtazama sana, na marahaba ya Twaiba alikuwa bado hajaitoa. Hapo ndipo tunapokomea wiki hii.